Kabla Hujachagua Fremu: Utangulizi wa Lenzi za Progresivu

Mwalimu wa sekondari mwenye miaka 48 ana kazi nne za macho ndani ya kipindi kimoja. Anasoma andalio la somo lililo mezani. Anaandika ubaoni, uso wake ukiwa nusu mita tu kutoka kwenye chaki. Anageuka kumtazama mwanafunzi anayesinzia dawati la nyuma. Kisha anapita katikati ya madawati, anainamia daftari la mtu na kusoma hesabu iliyoandikwa kwa penseli hafifu. Jicho la kijana hufanya yote hayo bila mwenyewe kujua kwamba kuna kazi inayofanyika. La mwalimu huyu limechoka na kazi hiyo, ndiyo maana Jumamosi asubuhi yuko duka la miwani, mbele ya ukuta uliojaa fremu, na muuzaji anamuuliza: "Mwalimu, umependa ipi?"

Swali hilo limekuja mapema mno. Fremu ina zamu yake, na mtu ana haki ya kuvaa kitu kinachompendeza. Lakini anayetaka lenzi za progresivu, yaani lenzi moja isiyo na mstari ambayo nguvu yake huongezeka kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, anaingia katika taaluma kongwe yenye hesabu zake na ufundi wake. Kurasa hizi ni za kumkaribisha humo. Hoja ninayoisimamia ni kwamba mnunuzi wa namna hii ananunua vipimo kwanza, lenzi pili, fremu mwisho. Na kwamba miwani mingi ya aina hii inayoishia kabatini iliishia humo kwa sababu mpangilio huo uligeuzwa.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili, iliyoshikiliwa kwa nyuzi nyembamba katikati ya msuli wenye umbo la pete. Unapotazama mbali msuli hulegea, nyuzi hukazana na lenzi huvutwa ikawa bapa. Unapotazama karibu msuli hujikaza, pete hupungua, nyuzi hulegea, na lenzi hutuna. Maelezo haya aliyatoa Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1855, na ndiyo yanayofundishwa mpaka leo. Mwaka 1864 Mholanzi Franciscus Donders akachapisha kitabu kilichoonyesha, kwa vipimo vya watu wa rika mbalimbali, kwamba uwezo huo wa kutuna hupungua tangu utotoni, mwaka hadi mwaka. Lenzi ya jicho inakuwa ngumu kadiri mtu anavyoongeza umri. Huo si ugonjwa, na hakuna tone la dawa, jani wala zoezi la macho linaloirudishia ulaini wake.

Wataalamu hupima nguvu ya lenzi kwa dayopta. Kitabu kilicho sentimita 40 kutoka machoni kinadai dayopta 2.50, kwa sababu 1 ukigawanya kwa mita 0.40 unapata 2.50. Kuna kanuni ya wastani tunayoitumia sana darasani: chukua 18.5, utoe umri uliozidishwa kwa 0.3. Mtoto wa miaka 10 anapata 15.5. Mtu wa miaka 45 anapata 5.0. Sasa, jicho hustarehe kwa muda mrefu likitumia karibu nusu tu ya uwezo wake, na nusu ya 5.0 ni 2.50, kiasi kile kile ambacho kitabu kinadai. Hapo akiba imekwisha. Malalamiko huanza katika umri huo huo: jioni, taa ikiwa hafifu, kwenye karatasi ya maelezo ya dawa, kwenye meseji za simu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kwamba watu bilioni 1.8 wana hali hii, na kwamba watu milioni 826 kati yao hawajapata msaada unaofaa. Kwetu pia imepimwa. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 uliikuta kwa zaidi ya nusu ya wanakijiji wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, watu ambao wengi wao ni wakulima na hawashindi kwenye vitabu. Kuchambua mchele, kutunga uzi kwenye sindano, kuhesabu noti, kutoa mwiba kwenye kidole cha mtoto: yote ni kazi za karibu. Na huko Assam, India, watafiti waliwapa wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi miwani ya kuonea karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba uzalishaji wao uliongezeka kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao ambao hawakuwa wamepewa. Nauweka utafiti huo hapa mwanzoni kwa makusudi. Miwani ile ilikuwa ya kawaida kabisa, ya nguvu moja. Msomaji asije akadhani kwamba lenzi za progresivu ndiyo daraja la juu ambalo kila mtu lazima alifikie.

Njia ya kwanza ya kutatua tatizo, basi, ni miwani ya kusomea, ile inayopangwa juu ya meza pembeni mwa barabara ikiwa imebandikwa +1.00, +1.50, +2.00. Inafanya kazi yake vizuri ukiwa umekaa na kitabu. Ukiinua uso kumtazama mtu mlangoni, mtu huyo ni ukungu. Njia ya pili ni lenzi ya sehemu mbili, yenye kidirisha cha kusomea upande wa chini. Benjamin Franklin, alipokuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alimweleza rafiki yake kwa barua mwaka 1785 kwamba alikuwa ameikata miwani yake ya aina mbili akaunganisha nusu kwa nusu. Faida aliyoisifia ilikuwa ya mezani: aliona chakula kilicho mbele yake na pia midomo ya wenyeji wake upande wa pili, jambo lililomsaidia kuelewa Kifaransa. Lakini lenzi ya Franklin ina mbali na karibu tu. Katikati hakuna kitu. Ubao wa mwalimu, skrini ya kompyuta, bidhaa juu ya rafu, dashibodi ya gari, vyote vinaangukia katika pengo hilo.

Wazo la kuziba pengo kwa lenzi inayopanda taratibu lilikuwepo mapema. Mwingereza Owen Aves alipata hataza mwaka 1907, lakini lenzi yake haikufika sokoni. Aliyefanikiwa ni mhandisi Mfaransa Bernard Maitenaz, aliyeanza kulishughulikia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika kampuni ya Essel. Shida haikuwa kulifikiria umbo. Shida ilikuwa kulisaga. Mashine za wakati ule zilisaga tufe vizuri, lakini hakuna iliyoweza kusaga uso ambao mkunjo wake hubadilika kila milimita na bado ukawa laini kiasi cha kuonea. Ilibidi mashine ibuniwe kwanza. Lenzi zenyewe, zilizoitwa Varilux, zilitolewa mwaka 1959. Hata hizo za kwanza zilikuwa ngumu kuzoeleka, na tangu hapo historia ya fani hii imekuwa ni historia ya kupambana na ukungu wa pembeni.

Ukungu huo ndio moyo wa somo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Lenzi ya progresivu ina eneo la juu la kuonea mbali, eneo la chini la kusomea, na kati yake ujia mwembamba ambamo nguvu hupanda. Mwaka 1963 Mjerumani Günter Minkwitz alithibitisha kwa hesabu kwamba ukitoka katikati ya ujia kwenda pembeni, kasoro ya kuona huongezeka mara mbili ya kasi ambayo nguvu inapanda kwenda chini. Hiyo ni sheria ya jiometri ya nyuso. Haihusu ubora wa kiwanda. Mkeka mkubwa kuliko chumba huvimba mahali fulani. Ukiukanyaga uvimbe hapa unainukia pale, na unachoweza kuchagua ni mahali pa kuuweka tu. Ndivyo wabunifu wa lenzi wanavyofanya: wengine wanausukuma ukungu wote chini pembeni ili eneo la mbali libaki safi, wengine wanautandaza ukawa mwepesi lakini mpana. Hakuna anayeuondoa. Muuzaji akikuahidi lenzi ya progresivu isiyo na ukungu wowote pembeni, amekuahidi kitu ambacho hesabu imekikataa.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa kuwa ni fupi na inafundisha kuliko matangazo yote. Tuseme nyongeza yako ya kusomea, yaani nguvu inayoongezwa juu ya ile ya mbali, ni dayopta 2.00, na ujia una urefu wa milimita 14. Nguvu inapanda kwa 2.00 gawanya kwa 14, karibu 0.14 kwa kila milimita. Pembeni, kasoro inakua mara mbili ya hapo, karibu 0.29 kwa milimita. Watu wengi huanza kusumbuka kasoro ikifika nusu dayopta. Kwa hiyo ukisogea milimita 1.75 kushoto au kulia umeshafika ukingoni. Ujia wako safi una upana wa milimita 3.5 hivi. Mtu mwenye nyongeza ya 1.00 tu, kwa lenzi yenye urefu huo huo, ana milimita 7. Ndiyo maana aliyeanza mapema, nyongeza ikiwa ndogo, huzoea kwa urahisi kuliko anayesubiri mpaka miaka 60. Na anayechagua fremu fupi ya mtindo, ikalazimu ujia ufupishwe hadi milimita 10, kwa nyongeza ile ile ya 2.00 anabaki na milimita 2.5. Hizi ni hesabu za karibu na mstari wa katikati, na lenzi halisi zina hila zake, lakini picha inayotoka ni ya kweli.

Sasa fikiria fundi aliyekosea kwa milimita 2 alipopima mboni yako iko wapi. Milimita 2 ni unene wa sarafu. Katika miwani ya kusomea ya kawaida huenda usingehisi chochote. Katika lenzi hii jicho lako limeshatoka nje ya ujia, na hata ungekuwa umenunua lenzi ya bei kubwa kuliko zote dukani, unasoma ukiwa ndani ya ukungu uliolipia. Hapo ndipo inapotoka hoja yangu ya vipimo kwanza.

Kipimo cha kwanza ni cha macho yenyewe. Mashine ile ya kuweka kidevu na kutazama picha ya puto mwishoni mwa barabara hutoa makadirio mazuri, nayo ni mahali pa kuanzia tu. Baada ya hapo mtaalamu wa optometria akae nawe, akubadilishie lenzi moja moja huku akikuuliza ipi inaonyesha herufi vizuri zaidi, kisha akuvalishe fremu ya majaribio uinuke, utembee, utazame nje ya mlango. Wataalamu hawa tunao: KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwafunza kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina shahada ya fani hii. Umri wa kuhitaji lenzi hizi ni umri wa magonjwa mengine pia. Mtoto wa jicho huanza kujenga, na presha ya macho huharibu mshipa wa kuonea bila maumivu wala dalili mpaka sehemu ya uoni imeshapotea. Omba shinikizo la jicho lipimwe na nyuma ya jicho itazamwe. Kwa mwenye kisukari kuna jambo la ziada: sukari ikipanda na kushuka ovyo, nguvu ya jicho nayo hubadilika, hivyo miwani iliyopimwa wiki ya sukari mbaya haitafaa sukari ikitulia. Tuliza sukari, ndipo upime.

Usiende kupima mikono mitupu. Nenda na kazi yako. Anayesoma msahafu juu ya marufaa, anayesoma gazeti mkononi na anayesoma skrini ya kompyuta hawatazami umbali mmoja. Sentimita 33 zinadai dayopta 3.00, sentimita 50 zinadai 2.00, sentimita 66 za kompyuta zinadai 1.50 hivi. Mtaalamu asipokuuliza unafanya kazi gani na kwa umbali gani, atakupa nyongeza inayotajwa vitabuni kwa umri wako, na unaweza kujikuta na miwani inayokulazimisha kusogeza cherehani. Mwambie urefu wako, mwonyeshe unavyoshika simu, mweleze kama unaendesha gari usiku.

Utatoka na cheti. Usikikunje ukakitia mfukoni kabla hujakisoma. Tuseme jicho la kulia limeandikiwa SPH +0.75, CYL -0.50, AXIS 90, na ADD +2.00. Namba ya kwanza ni nguvu ya kuonea mbali. Ya pili na ya tatu ni marekebisho ya jicho ambalo mkunjo wake haulingani pande zote, pamoja na mwelekeo wake kwa digrii. ADD ni nyongeza ya kusomea, na hujumlishwa juu ya ile ya kwanza. Kwa mtu huyu nguvu ya kusomea ni +2.75, wala si +2.00. Ni kosa la kila siku mtu kuchukua ADD peke yake akanunua nayo miwani ya kusomea, kisha akalalamika kichwa kinauma. Na yule mwenye -2.00 na ADD +2.00 hufika sifuri kwenye kusoma: akiivua tu miwani yake ya mbali, anasoma. Mtu wa namna hiyo afikirie mara mbili kabla ya kulipia progresivu, kwa sababu ameshapewa bure nusu ya kile anachotaka kununua.

Wako wengine ambao ningewashauri waende polepole. Fundi cherehani anayeshinda saa 8 juu ya sindano anahitaji eneo pana la karibu, na progresivu inampa eneo dogo kuliko miwani ya nguvu moja. Fundi wa magari anayelala chini ya injini na fundi umeme anayefanya kazi darini wanatazama karibu kwa kuinua macho, na juu ya lenzi yao kuna nguvu ya mbali. Mhasibu au karani wa benki, ambaye dunia yake ya kazi inaishia mita 2 au 3, atafurahia zaidi lenzi za ofisini, ambazo zimetoa sadaka eneo la mbali ili kupanua karibu na katikati. Ila asiendeshe nazo gari. Mzee anayetembea sana nje ni wa kufikiriwa kwa makini. Akitazama chini kwenye ngazi au kwenye mtaro, anatazama kupitia eneo la kusomea, na ukingo wa ngazi ulio mita moja na nusu kutoka machoni unakuwa ukungu. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wazee wanaotoka nje mara kwa mara walianguka mara chache walipopewa miwani ya pili, ya mbali tu, kwa ajili ya matembezi. Kwa wale wasiotoka sana, mabadiliko hayo yaliwazidishia kuanguka huko nje. Ushauri wa jumla haupo. Kuna mtu na siku yake.

Mwalimu wetu, kwa upande wake, ni mteja halisi wa progresivu. Anabadilisha umbali kila dakika, anasimama, mikono imejaa, hana nafasi ya kuvua na kuvaa.

Ndipo tunafika kwenye fremu. Kioo kiwe na kimo: kutoka katikati ya mboni mpaka ukingo wa chini wa fremu ubaki na milimita 18 au zaidi, ili ujia na eneo la kusomea viingie bila kukatwa. Fremu zenye umbo la tone, ambazo upande wa chini wa puani umenyofolewa, hukata mahali hasa macho yanapokutana wakati wa kusoma. Uzito na pua navyo vina neno. Fremu nyingi zinazoletwa madukani zilichorwa kwa pua zenye daraja refu. Kwenye pua pana yenye daraja fupi huteleza, na kwa jasho la Dar es Salaam au Mombasa huteleza maradufu. Fremu ya chuma yenye pedi za puani zinazopindika inaweza kurekebishwa ikatulia. Ya plastiki isiyo na pedi, ikiteleza dukani, itateleza maisha yake yote. Milimita 3 za kuteleza zinashusha ujia wote, na hesabu yetu ya upana na urefu inaharibika.

Fundi airekebishe fremu usoni mwako kwanza, mikono ishike nyuma ya masikio, ndipo apime. Mpangilio huu hauna mjadala. Atakaa mbele yako, macho yake yakiwa sawa na yako, akwambie utazame mbele kwa utulivu. Kwa kalamu ya wino ataweka alama ndogo juu ya ile plastiki ya maonyesho, mbele kabisa ya kila mboni. Kisha atapima kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, kwa sababu nyuso zetu hazigawanyiki sawa: upande mmoja unaweza kuwa 33.5 na mwingine 32. Atapima pia kimo cha kila alama kutoka ukingo wa chini. Kazi hii, ikifanywa vizuri, inakula dakika chache tu. Ukiona fundi amechukua umbali wa mboni mbili kwa pamoja, 65.5, akaugawanya nusu kwa nusu, na kimo hakukipima kabisa, una haki ya kumwomba kwa adabu aanze upya. Akikataa, cheti ni chako, na duka si hilo moja.

Tangu miaka ya 2000 lenzi nyingi husagwa kwa mashine za kidijitali zinazoweza kukokotoa uso kwa ajili ya mtu mmoja: lenzi iko umbali gani kutoka jichoni, fremu imeinama kwa digrii ngapi, imejipinda vipi kufuata uso. Ni maendeleo makubwa, nayafurahia. Lakini duka likikuuzia lenzi hiyo bila kupima hayo, maabara hutumia wastani wa watu wote, na wewe umelipia ushonaji wa kipimo chako ukapewa saizi ya kati. Uliza: "Vipimo gani vya uso wangu mmevituma?" Jibu litakueleza kama bei ina maana. Mimi ningechagua lenzi ya daraja la kati iliyopimwa kwa makini, niiache ile ya juu iliyopimwa kwa haraka.

Kuhusu malighafi sitakawia. Plastiki ya kawaida ya kipimo cha 1.50 inaonyesha vizuri na inawatosha wenye nguvu ndogo. Polikaboneti ni nyepesi na haivunjiki ovyo, inafaa kwa bodaboda na karakana, ingawa rangi hutawanyika kidogo pembeni. Vipimo vya 1.60 na 1.67 hupunguza unene kwa wenye nguvu kubwa. Tabaka la kuzuia mng'ao ni la kulipia kwa anayeendesha usiku. Lenzi zinazogeuka rangi juani ni starehe nzuri, ila ndani ya gari hazigeuki sana kwa sababu kioo cha mbele huzuia mionzi inayozigeuza. Kama unalipiwa na bima, uliza mapema kama kiwango chako kinafikia progresivu, usije ukaambiwa kaunta.

Siku ya kuchukua miwani usiruhusu zile alama za rangi juu ya lenzi zifutwe kabla hujaivaa. Kuna alama ya msalaba. Vaa miwani, tazama mbele, fundi athibitishe kwamba kila msalaba umeangukia katikati ya mboni. Hilo ndilo jaribio zima la kazi iliyofanyika. Alama hizo zikishafutwa zinabaki nyingine zilizochongwa ndani ya lenzi: vijiduara viwili vidogo au nembo mbili, zikiwa zimeachana milimita 34, zinazoonekana ukiigeuzageuza lenzi kwenye mwanga. Chini ya ile ya upande wa sikio kuna namba, na ukikuta 20 maana yake nyongeza ni 2.00. Ilinganishe na cheti chako. Chini ya ile ya upande wa pua kuna alama ya mtengenezaji, nayo itakuambia kama lenzi uliyopewa ndiyo uliyoiagiza.

Siku za kwanza sakafu inaweza kuonekana kama inayumba na milango kama imepinda. Ubongo unajifunza. Vaa asubuhi, mfululizo, na miwani ya zamani uiweke mbali usije ukawa unarukaruka. Anzia nyumbani, usiendeshe gari mpaka utulie. Elekeza pua kwenye kile unachotaka kukiona, kisha shusha macho, siyo kichwa, ili kusoma. Kwenye ngazi fanya kinyume: shusha kidevu utazame kupitia juu ya lenzi. Wengi hutulia ndani ya wiki mbili.

Wiki mbili zikipita na bado unahangaika, usijilaumu wala usikubali kuambiwa "utazoea" kwa mara ya tatu. Jichunguze kwanza. Kama ni lazima uinue kidevu ili usome, lenzi zimewekwa chini mno au fremu imeteleza. Jaribu kuisukuma juu kwa kidole uone kama maandishi yanasafika. Kama ni lazima uinamishe kidevu ili uone mbali, zimewekwa juu mno. Kama ukurasa unasomeka vizuri ukigeuza kichwa upande mmoja tu, umbali wa mboni umekosewa. Kama mbali kuna ukungu hata ukitazama kupitia juu kabisa, cheti chenyewe kirudiwe. Mara nyingi pedi za puani zikipindwa kidogo tatizo linaisha palepale kaunta. Lisipoisha, fundi mwenye kalamu huweza kuzirudisha alama kwa kufuata vile vijiduara, akakuvalisha, na nyote wawili mkaona kwa macho kosa liko wapi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza duka lina utaratibu gani wa kutengeneza upya lenzi zilizokosewa na ndani ya muda gani, na omba uandikiwe kwenye risiti. Omba pia nakala ya vipimo vyote, ukianzia na umbali wa mboni kwa kila jicho na kimo chake, uviweke pamoja na cheti. Baada ya miaka 2 hivi, nyongeza itakapohitaji kupandishwa, mtaalamu atakayekupima ataanza kwa kuitazama karatasi hiyo.